Kosa la Kuombea Cheti

Nchi ninayoisimulia msiitafute kwenye ramani. Waliowahi kuitafuta walichungulia dirishani, wakaiona, wakafunga pazia. Ilikuwa nchi yenye mvua za kutosha, mihogo mitamu na serikali isiyokosea. Hilo la tatu liliandikwa katika sheria. Bunge lilipitisha, kwa makofi, kwamba ofisi ya umma haifanyi kosa, na neno lenyewe likafutwa katika barua zote za serikali. Daraja likianguka, hiyo ilikuwa changamoto. Marehemu akitumiwa bili ya maji, changamoto. Treni ya kwenda kaskazini ikifika kusini, abiria walishukuriwa kwa uvumilivu wao katika kipindi hiki cha changamoto, na wakatakiwa kuitumia nafasi hiyo kuujua upande mwingine wa nchi yao.

Katika nchi hiyo aliishi dada mmoja, Sikitu Mbonde, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta changamoto. Aliajiriwa na Idara Kuu ya Programu za Serikali, Kitengo cha Uhakiki. Wenzake waliandika programu za kompyuta, naye alizijaribu kabla hazijapelekwa kwa wananchi, akibofya huku na kule kama mtu anayegonga tikiti maji asikie kama limeiva. Akikuta pabovu aliandika taarifa. Taarifa ilipanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi Mkuu, Dakta Sifaeli, ambaye aliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA KWA FURAHA, na programu ikapelekwa kwa wananchi vilevile ilivyokuwa.

Kubwa kuliko programu zote ilikuwa ile iliyotunza habari za familia: nani kazaliwa, nani kaoa nani, nani kafariki. Jina lake rasmi lilikuwa refu mno kutamkwa kwa pumzi moja, kwa hiyo wananchi waliiita Mkwe, kwa sababu hapakuwa na ndoa asiyoiingilia. Kiwanja, mita ya umeme, nafasi ya mtoto shuleni, vyote vilipitia kwa Mkwe. Mkwe akisema huna mke, basi huna, hata kama mke mwenyewe amesimama kando yako akikushikia mwavuli.

Sikitu alikuwa na mchumba, Nasibu, fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye mikono yake ilikuwa ya baridi mwaka mzima. Siku walipokwenda kuandikisha ndoa yao, karani alilibofya jina la Sikitu, akatabasamu, akampa hongera. Mkwe alionyesha kwamba Sikitu tayari ni mke wa mtu: Mzee Lugendo Masali, mkulima wa viazi, wa huko Mkoa wa Mwisho. Sikitu akamwambia karani kwamba hamjui mtu huyo, wala hajawahi kumwona. Karani akajibu, kwa huruma kabisa, kwamba ndoa nyingi ndivyo zilivyo.

Alikwenda kwa Dakta Sifaeli, maana Mkwe alitengenezwa ghorofa moja tu juu ya meza yake mwenyewe. Dakta alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamweleza ugumu uliopo. Kuifuta ndoa hiyo ni kusema haikupaswa kuwapo, na kusema haikupaswa kuwapo ni kusema kuna aliyeiweka, na mtu wa namna hiyo kisheria hayupo. Akamshika bega. "Jaribu kuishi naye vizuri," akamshauri. "Huenda ni mtu mwema."

Na kweli alikuwa mtu mwema. Haukupita msimu mmoja, basi la mikoani likamletea Sikitu mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa jua, na ndani yake karatasi ndogo: "Kwa mke wangu wa kwenye mashine. Huku mvua ni nzuri. Usijinyime chakula." Tangu hapo ikawa kila mavuno mfuko unakuja. Nasibu aliila michembe hiyo kwa chai, akiwa amenuna mwanzoni na baadaye akisahau kununa.

Asiyesahau alikuwa Shangazi Mwamvita, aliyemlea Nasibu. Miaka ilikwenda, watoto wa majirani wakaoa na kuolewa, na mpwa wake yuko palepale na mchumba ambaye ni mke wa mkulima wa viazi. Shangazi hakugombana na mtu. Alianza tu kumletea Nasibu mabinti wa rafiki zake, kila mmoja na jokofu lake la kutengenezwa, na majokofu yenyewe hayakuwa na ubovu wowote. Sikitu akipita karakana akayaona yamepangwa, mazima, yakinguruma, alijua muda wake unakwisha.

*

Mambo yalibadilika siku Kiongozi Mkuu alipofanya ziara nchi jirani. Akiwa uwanja wa ndege anasubiri mizigo, aliona ukutani cheti kikubwa ndani ya fremu ya dhahabu. Akauliza ni nini. Akaambiwa ni cheti cha ubora, kwamba programu za kompyuta za nchi ile zimekaguliwa na kuthibitishwa kuwa zinatengenezwa kwa viwango. Kiongozi Mkuu akauliza, "Chetu kiko wapi?" Wasaidizi wote wakaviangalia viatu vyao, na ilionekana wazi kwamba hawakukiona huko.

Waziri wa Mashine na Maadili akaagiza ubora upatikane kabla ya sikukuu ya taifa. Dakta Sifaeli akaitisha kikao cha kuteua Afisa Ubora. Sikitu alitoka nje kidogo kupokea simu, na aliporudi alikuta ameteuliwa.

Maandalizi yalikuwa ya kupigiwa mfano. Kuta zilipakwa rangi nyeupe hadi pale jicho la mgeni linapofika. Waandishi wa programu walivalishwa tai na kufundishwa kubofya wakiwa wamenyoosha mgongo. Bango lilitundikwa mlangoni, UBORA NI WAJIBU NA WAJIBU NI UBORA, ili msomaji achague aanzie upande gani. Kwaya ya Idara ilitungiwa wimbo ambao kiitikio chake kilikuwa jina la Mheshimiwa Waziri. Sikitu aliuliza kama kuna haja ya kuziangalia programu zenyewe. Akaambiwa zitafuata.

Mkaguzi alifika kutoka Baraza la Viwango, ng'ambo ya mpaka. Aliitwa Bi Rukonge, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na chupa ya chai ya tangawizi kwapani. Aliusikiliza wimbo wote, beti zake zote. Akashukuru. Akaketi, akajimiminia chai, akasema, "Sasa nionyesheni makosa yenu."

Katibu mmoja aliziba masikio. Dakta Sifaeli alicheka kidogo kwa adabu, akamweleza mgeni kwamba kitu hicho hakipo. Bi Rukonge akauliza hakipo tangu lini. Dakta akasema tangu uhuru.

Bi Rukonge alikirudisha kifuniko cha chupa yake. "Bwana Mkurugenzi, sikuja kutafuta ofisi isiyokosea. Nimekuja kuona mkikosea mnafanya nini. Mlijuaje, chanzo kilikuwa kipi, mlirekebishaje, na mmezuiaje lisirudi. Ofisi isiyo na kosa hata moja ni ofisi ambayo haijawahi kujitazama."

Akasema atarudi mwisho wa mwezi. Wakiwa na kosa moja lililorekebishwa mbele ya macho yake, wataongea. Wasipokuwa nalo, ataandika kwamba hakukuta kitu cha kukagua, na fremu ya dhahabu wainunulie picha nyingine.

*

Waziri alikwenda mwenyewe Ikulu, akarudi na Kibali Maalumu cha Kukosea. Kilisema kwamba, bila kuathiri sheria iliyopo, Idara inaruhusiwa kuwa na kosa moja, lililo katika hali nzuri, lisilogusa hadhi ya nchi.

Dakta Sifaeli akakisoma mbele ya wakuu wote wa vitengo, akauliza nani ana kosa. Hakuna aliyejikuna hata pua. Wote walimkumbuka mwenzao aliyewahi kusema "nilidhani" katika kikao rasmi. Hadi leo yuko kisiwani anahesabu ndege.

Sikitu akanyoosha mkono. Akasema analo moja, wote wanalijua, ni ndoa yake na Mzee Lugendo. Dakta alifurahi hadi akasimama. Kosa lilikuwa dogo, safi, na mwenye nalo alikuwa mtumishi wao wenyewe, hivyo hakuna mwananchi wa kuombwa radhi. Jioni ile Sikitu alimweleza Nasibu, naye akaiweka bisibisi chini, akatabasamu, akasema anakwenda kumwambia Shangazi. Halafu akafikiri, akasema, ngoja kwanza liishe.

Nasibu aliijua nchi yake. Kesho yake ilitangazwa kwamba atakayetoa kosa litakalotumika atavikwa Nishani ya Kukiri na kusafiri na Waziri kwenda kupokea cheti. Makosa yakachipua kama uyoga baada ya mvua. Naibu Mkurugenzi alikiri kwamba ndiye aliyenunua mashine za kuchapa kwa ajili ya jengo ambalo halijajengwa. Mkuu wa Ulinzi wa Siri, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kufungua kinywa, alisimama kifua mbele akasema neno la siri la mitambo yote ya taifa ni "siri". Watu walipanga foleni nje ya ofisi ya Sikitu, kila mmoja akidai la kwake ni kubwa zaidi, na waliokosa makosa yao wenyewe wakawa wanaazima ya wenzao.

Ikabidi itungwe kanuni: kosa la mdogo lisizidi la mkubwa wake kazini. Kwa cheo chake Sikitu aliruhusiwa kosa la tahajia tu. Ndoa ilikuwa kubwa mno kwake. Ikaondolewa.

Alikwenda kumsihi Dakta Sifaeli, akamkuta ameketi na Mheshimiwa Waziri. Alisimama mlangoni, akayasema yote: kwamba anangoja miaka, kwamba mwanamume mwema hangojeshwi milele, kwamba hataki nishani wala safari, anataka jina lake tu litolewe pale lilipokwama. Waziri alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Akauliza kama kutakuwa na televisheni. Akaambiwa itakuwapo. Mwanamke, mzee, mapenzi, mashine, aliona inapendeza.

"Kuanzia leo," akasema Waziri, "hilo ni kosa langu."

Kwa hiyo likaitwa Kosa la Mheshimiwa Waziri, na ikapangwa kwamba atalirekebisha yeye kwa mkono wake. Sikitu alilitafakari hilo njiani kwenda nyumbani, akaona halimpunguzii kitu. Aliyebanwa na mlango haulizi anayeufungua ni nani.

*

Mzee Lugendo aliitwa mjini kama kielelezo. Sikitu alimpokea mwenyewe stendi. Hakuhitaji kuuliza: mzee mrefu mwembamba, koti la suti juu ya kanzu, kofia ya mkono, na mfuko wa michembe begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu," mzee akajibu, kisha akacheka kwa aibu na kuomba msamaha, akasema ni mazoea.

Walikaa mgahawani, wakaagiza chai na chapati. Sikitu alimuuliza juu ya safari, mvua, viazi. Mwishowe akamuuliza lililokuwa likimkereketa tangu mfuko wa kwanza: kwa nini hakuwahi kulalamika, wakati naye alijua mke huyo si wake.

Mzee alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Mke wangu aliitwa Sikitu," akasema. "Sikitu binti Mbonde, wa kwetu huko. Alifariki mwaka wa mafuriko, kabla hamjaleta mashine zenu. Walipokuja kutuandikisha wakaniuliza mke wangu ni nani, nikamtaja. Nilikuwa naendelea kusema kwamba ni marehemu, yule karani akaniambia inatosha mzee, mashine imeshampata. Nikatazama kwenye kioo, nikaona jina lake, na mbele yake pameandikwa 'hai'."

Akanywa chai kidogo.

"Nilijua si yeye, mwanangu. Akili zangu ziko sawa. Lakini hakuna mahali pengine popote alipoandikwa. Picha hatukuwa nazo, na maji yalichukua hata kaburi. Nikaona, basi na likae. Na kama kuna mtu huko mjini anabeba jina lile, ale vizuri."

Kwa miaka yote ile Sikitu alikuwa amemfikiria mzee huyu kama ubovu ndani ya programu. Mzee alimuuliza jambo moja tu: kesho wakilifuta, kuna alama yoyote ya Sikitu wake itakayobaki kwa huyo Mkwe? Sikitu alijua jibu. Aliyekufa kabla ya mashine hakuwamo ndani ya mashine, na asiyekuwamo hakuwahi kuwapo. Lakini hakumjibu hivyo. Alisema ataangalia, na alikusudia kweli.

*

Utaratibu wa kurekebisha aliuandika Sikitu, mfupi na wazi: fungua ukurasa wa ndoa, chagua ndoa inayohusika, bofya TENGUA, thibitisha. Ukapandishwa ngazi ili uidhinishwe, na kila ngazi iliona ni utovu wa heshima kuuachia upite bila kuuboresha. Mwanasheria wa Idara alikwama kwenye "chagua ndoa inayohusika". Kwanza, Waziri haamrishwi kuchagua. Pili, kumchagua raia mmoja kati ya wote ni ubaguzi. Aliufuta mstari huo, na Dakta Sifaeli, alipoona pamebaki pengo, akaandika hapo: Makofi.

Sikitu aliiona nakala ya mwisho Waziri akiwa ameshasimama mbele ya kompyuta na kamera zinawaka. Akanyoosha mkono. Afisa Itifaki akaushusha taratibu, kama mtu anayeshusha bendera. Akaunyoosha tena, akasema kwa sauti kwamba kuna mstari umeruka. Kwaya, ikidhani ni ishara, ikaanza kuimba.

Mheshimiwa Waziri alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," akasema, "wengine hukosea kwa bahati mbaya. Mimi nimekosea kwa mpango, kwa bajeti, na kwa wakati." Akaeleza kwamba kosa lake ni la kisasa, kwamba ni la wananchi wote, na kwamba wanaobeza waonyeshe la kwao. Kisha akabofya TENGUA.

Mkwe hakuwa mjinga kiasi hicho. Aliandika kwenye kioo: "Unatengua ndoa zote nchini. Una uhakika?" Waziri hakuwa akivaa miwani kwenye televisheni, kwa hiyo aliyasoma maneno mawili ya mwisho, yaliyokuwa makubwa.

"Mimi huwa nina uhakika," akasema, akathibitisha.

Makofi yalipigwa kama utaratibu ulivyoelekeza. Yalikuwa hayajaisha simu zilipoanza kulia ukumbini, moja huku, mbili kule, hadi ukumbi mzima ukawa unalia kama kichaka cha nyenje. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Ndugu mwananchi, Serikali inakujulisha kuwa huna mwenza. Asante kwa uvumilivu wako." Mke wa Waziri, Mama Asteria, alikuwa kiti cha mbele. Aliusoma ujumbe wake mara mbili, akaiweka simu mkobani, akarekebisha kilemba, akahamia kiti cha pili.

Nchi nzima ikawa haina ndoa kabla ya chakula cha mchana.

Masheikh na mapadri walitangaza haraka kwamba Mungu hatumii Mkwe na ndoa Zake ziko palepale. Watu walifarijika, lakini mita za umeme hazikuwa zikisomwa na Mungu. Ukumbini, Dakta Sifaeli alikuwa amekaa sakafuni, tai yake imezungukia mgongoni. Mtu pekee aliyeonekana kuchangamka alikuwa Bi Rukonge, aliyekuwa amerudi kama alivyoahidi. Alifungua chupa yake, akajimiminia chai. "Haya," akasema, "sasa kazi imeanza. Chanzo ni nini?"

Katika nchi ile swali hilo lingejibiwa na tume, na tume ingemaliza kazi yake wajukuu wakiwa wamestaafu. Lakini walikuwa katika mwezi wa kukiri, nishani ilikuwa haijatolewa, na kamera zilikuwa zinawaka bado. Waziri alipata kauli kabla ya mtu yeyote. Alisema kosa ni lake, na tena ni kubwa kuliko kosa lolote lililowahi kufanywa na waziri yeyote, na kwamba hataki mtu wa kumsaidia. Mwanasheria aliruka na kudai haki yake: bila yeye kuufuta mstari, Mheshimiwa angelikosea nini? Dakta Sifaeli akainuka sakafuni, akasema aliyeandika "Makofi" ni yeye, mwandiko wake unajulikana. Afisa Itifaki akawakumbusha ni nani aliyeushusha mkono wa Sikitu. Hata mwongoza kwaya aliomba jina lake lisiachwe. Kabla chai ya Bi Rukonge haijapoa, ukweli wote ulikuwa mezani, na kila kipande chake kina mwenyewe. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika nchi ile.

"Na mtarekebishaje?" Bi Rukonge akauliza.

Wote wakageuka kumtazama Sikitu. Ilikuwapo nakala ya akiba ya Mkwe, ya wiki iliyopita; yeye mwenyewe alisisitiza itunzwe. Ikirudishwa, ndoa zote zitarudi kama zilivyokuwa. Zote, pamoja na ya kwake. Angeweza kusema nakala imeharibika, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama Nasibu, aliyekuwa amesimama nyuma ya ukumbi na Shangazi Mwamvita. Kisha akasema kweli: nakala ipo, kazi inaweza kumalizika kabla ya jioni. Dakta Sifaeli, ambaye simu yake ilikuwa imeshapokea ujumbe wa pili, kutoka kwa mkewe, akaamuru irudishwe mara moja.

"Nani ameniuliza mimi?"

Aliyesema ni Mama Asteria. Hakupandisha sauti. Alisema miaka mingi iliyopita aliulizwa kama anamtaka mtu huyu, naye akajibu, na tangu siku ile hajaulizwa jambo jingine lolote. Kama anarudishwa, angependa kuulizwa.

Waziri alimgeukia mkaguzi, akitafuta huruma. Bi Rukonge alivaa miwani yake, akafungua kitabu cha viwango, akasoma kwamba marekebisho yoyote yanayomgusa mtumiaji sharti mtumiaji ayaridhie. Nje, kwa kelele zilivyosikika, watumiaji walikuwa wameshaanza kukusanyika. Hawakuwa na hasira. Wanawake wengi walikuja na mikeka.

Ikaamuliwa hivi: nakala haitarudishwa kwa mkupuo. Anayetaka ndoa yake irudi aje dirishani na mwenzake, kila mmoja aulizwe peke yake, na "ndiyo" mbili zikikutana, ndoa inarudi papo hapo.

*

Wengi walirudi. Foleni ziligeuka sikukuu. Watu waliuza miwa na kahawa, wazee waliokaa pamoja tangu ujana walikuja wamevaa nguo za Idi na za Krismasi. Wanaume ambao hawakuwahi kujua jiko liko upande gani wa nyumba walionekana wamebeba watoto mgongoni na vikapu mkononi. Makarani walikuwa wakiuliza, kwa udadisi wao tu, mwenzako anapenda kula nini, na wapo waliotoka nje ya foleni kwenda kumpigia simu mama mkwe. Wachache waliangaliana, wakacheka, wakapeana mikono, kila mtu akashika njia yake, na hao nao walisema wamehudumiwa vizuri.

Lakini asubuhi ya siku ya kwanza, kabla dirisha lolote halijafunguliwa, Sikitu alimwita Mzee Lugendo mezani kwake. Alikuwa amefungua ukurasa mpya ndani ya Mkwe. Mzee aliomba herufi zikuzwe. Akasoma polepole, kidole kikifuata kwenye kioo: Sikitu binti Mbonde, wa Mkoa wa Mwisho, aliolewa na Lugendo Masali, alifariki mwaka wa mafuriko. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Hapo sasa," akasema.

Cheti kilipatikana. Bi Rukonge aliandika katika taarifa yake kwamba hajawahi kuona ofisi ambayo watu wanagombania kukiri, na kwamba anakitoa kwa sharti wasipoe. Neno "kosa" lilirudishwa katika barua za serikali, likaandikwa kwa herufi ndogo kwanza, ili watu wazoee. Mheshimiwa Waziri alivikwa nishani, lakini hakusafiri kuipokea fremu ya dhahabu. Kila asubuhi alionekana kwenye benchi la dirisha la tatu, na nishani kifuani na maua mkononi, akimngoja Mama Asteria, ambaye alikuwa akituma salamu kwamba bado anaridhia polepole.

Sikitu na Nasibu walioana Ijumaa iliyofuata, uani kwa Shangazi Mwamvita, katikati ya majokofu ambayo wenyewe walikuwa hawajarudi kuyachukua na ambayo siku hiyo yalifaa sana kwa soda. Mzee Lugendo aliahirisha safari yake. Alikaa kwenye mkeka wa watu wa upande wa bibi harusi, koti lake limepigwa pasi, akila taratibu. Shangazi, aliyekuwa akigawa pilau, hakuwa amepata kutambulishwa kwake vizuri katika ghasia za siku zile. Akasimama mbele yake na sinia, akamuuliza kwa heshima yeye ni nani wa bibi harusi.

"Nilikuwa mumewe kwa makosa," mzee akasema. "Sasa ni babu yake kwa hiari."

Shangazi alilifikiria hilo kidogo, kisha akamwongezea nyama.